Kuizunguka Aisilandi kwa gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu nirudi kutoka safari yangu ya pili ya kuizunguka Aisilandi, naulizwa maswali yaleyale na ndugu, marafiki na hata watu nisiowajua. Nimeyakusanya hapa. Safari ya kwanza niliifanya Juni, ya pili mwishoni mwa Septemba, zote kwa gari la kukodi. Nikibanwa niseme neno moja tu kabla hujasoma lolote, nitasema: ongeza siku. Karibu kila kosa nililoona watu wakilifanya kule, kuanzia kukimbiza gari hadi kuukaidi upepo, mzizi wake ni ratiba iliyobana.

## Mambo ya mwanzo

1. Hiyo barabara ya kuzunguka nchi ni ipi hasa?

Ni barabara namba 1. Wenyeji huiita Hringvegur, yaani barabara ya mzunguko, na urefu wake ni kilomita 1,320 na ushei. Ilikamilika mwaka 1974, yalipojengwa madaraja ya kuvuka jangwa la mchanga mweusi la Skeiðarársandur, upande wa kusini. Kipande hicho kilikuwa kimewashinda kwa miaka mingi kwa sababu mito inayotoka chini ya barafu huhamahama na hufurika bila adabu. Kabla ya hapo, mtu wa mji wa Höfn aliyetaka kwenda mji mkuu, Reykjavík, kwa gari alilazimika kuzungukia kaskazini.

Leo ina lami, na kwa sehemu kubwa ni njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Maporomoko mengi makubwa yako kando yake kabisa, au ni mchepuko mfupi.

2. Kwa nini volkeno na maporomoko yamejazana nchi moja?

Aisilandi imekaa juu ya mpasuko wa katikati ya Atlantiki. Vipande viwili vya ganda la dunia, cha Amerika ya Kaskazini na cha Ulaya na Asia, vinaachana hapo kwa takriban sentimita 2 kila mwaka. Mtu aliyewahi kusimama ukingoni mwa Bonde la Ufa atakielewa mara moja anachokiona kwenye bonde la Þingvellir: ardhi imechanika, na kuta za mawe zinatazamana.

Maji nayo yana sababu zake. Takriban sehemu moja ya kumi ya nchi imefunikwa na barafu ya kudumu, na mvua haikosekani. Ardhi yenyewe ni changa, mito haijapata muda wa kuilainisha ikawa mteremko wa taratibu. Lava imelala tabaka juu ya tabaka kama mikeka iliyopangwa. Tabaka gumu linashikilia, laini la chini linaliwa na maji, na mto ukifika ukingoni hauna namna ila kudondoka.

Upande wa kusini kuna kisa cha ziada. Ule ukuta mrefu wa mlima unaouona mkono wa kushoto ukitoka Reykjavík zamani ulikuwa ufuko. Barafu ya kale ilipoyeyuka, nchi ilitua mzigo ikainuka, bahari ikarudi nyuma. Maporomoko ya Seljalandsfoss na Skógafoss yanaanguka kutoka kwenye kuta hizo za bahari ya zamani.

3. Siku ngapi zinatosha?

Kwa mzunguko mzima, saba ni za kubanana, kumi ndizo za kupumua. Watu hugawanya kilomita 1,320 kwa mwendo wa 90 wakaona ni saa kumi na tano, mambo yamekwisha. Hawajahesabu kwamba kila baada ya nusu saa utataka kusimama, na siku moja kati ya hizo kumi upepo au theluji inaweza kukuweka ndani kutwa.

Vipande vyenyewe ni hivi, kwa makadirio: Reykjavík hadi Vík kilomita 187, Vík hadi Höfn 270, Höfn hadi Egilsstaðir karibu 250 ukifuata pwani, Egilsstaðir hadi Mývatn 165, Mývatn hadi Akureyri chini ya 100, Akureyri kurudi Reykjavík karibu 390. Kosa la kawaida ni kumaliza siku zote kusini, kisha kukimbia kaskazini. Eneo la ziwa Mývatn peke yake linastahili usiku mbili. Kama huna siku saba, ruka hadi swali la 21.

4. Niende msimu gani?

Juni hadi Agosti kama ni mara yako ya kwanza. Joto mara nyingi huwa kati ya nyuzi 10 na 15, barabara ziko wazi, na mwishoni mwa Juni jua huko Reykjavík linazama karibu na saa sita usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri. Giza lenyewe haliingii. Nilisimama kwenye maporomoko ya Goðafoss saa tano usiku nikiwa peke yangu, mwanga wa rangi ya asali umelalia maji. Mchana wa siku hiyohiyo hapo palikuwa na mabasi.

Septemba pana utulivu na usiku unarudi, kwa hiyo zile nuru za kaskazini, mianga ya rangi inayocheza angani usiku, unaweza kuziona, lakini upepo huanza kuonyesha meno. Majira ya baridi ya kati, Desemba na Januari, mwanga wa mchana ni kama saa nne tu na barabara zina barafu. Mtu asiyewahi kuendesha kwenye barafu asijifunzie hapo.

5. Viza na leseni vikoje?

Aisilandi imo katika eneo la Schengen, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na unatakiwa kuwa na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Usisubiri hizo 15. Katika nchi nyingi Aisilandi haina ofisi yake ya viza, hivyo maombi hushughulikiwa na ubalozi wa nchi nyingine ya Schengen inayoiwakilisha.

Leseni iliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, kama zetu, hukubaliwa. Kampuni za magari kwa kawaida hutaka uwe nayo kwa mwaka mmoja au zaidi, umri usiopungua miaka 20, na kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Hilo la kadi limewakwamisha wengi kaunta, begi mkononi.

6. Majina yale nitayatamkaje?

Mswahili ana bahati kuliko wageni wengi. Herufi Þ ni *th* ya "thelathini", na ð ni *dh* ya "dhahabu". Wengine wanauma ulimi. Wewe ulizijua ukiwa mtoto. Herufi j husomwa kama *y*. Kwa hiyo Þingvellir huanza na "thing", na Goðafoss ni "godhafoss".

Ukijua viungo vichache vya mwisho, ramani inaanza kuongea: *foss* ni maporomoko, *jökull* ni barafu ya mlimani, *hraun* ni uwanda wa lava, *vatn* ni ziwa au maji, *vík* ni ghuba ndogo, *fjall* ni mlima, *sandur* ni mchanga. Svartifoss basi ni maporomoko meusi. Mývatn ni ziwa la visubi, na mwezi wa Juni hutahitaji kuelezwa kwa nini.

## Gari na barabara

7. Ni lazima nikodi gari la 4x4?

Kwa barabara namba 1 wakati wa kiangazi, hapana. Gari dogo la kawaida linazunguka nchi yote. Wakati wa baridi chukua 4x4 yenye matairi ya misumari. Na kama unataka kupanda nyanda za juu za katikati, kwenye barabara zinazoanza na herufi F, 4x4 ni sharti la sheria. Soma swali la 20 kabla hujalipa.

8. Nimezoea kuendesha kushoto. Kulia kutanisumbua?

Madereva wa Kongo, Rwanda na Burundi waruke swali hili. Sisi wengine shida haiko barabarani, kwa sababu magari yanayokuja yanakukumbusha. Shida iko asubuhi na mapema, unapotoka kwenye uwanja mtupu wa kuegesha magari na hakuna gari la kumwiga. Nilikosea hivyo kwenye kijiji cha Kirkjubæjarklaustur: nikaingia kushoto kwa amani kabisa, na mita mia mbili baadaye lori likatokea mbele yangu likiwasha taa. Tangu siku hiyo, kabla ya kung'oa gari, abiria wangu anataja kwa sauti: "Kulia." Kila asubuhi, hata siku ya tisa.

Mwendo wa juu ni kilomita 90 kwa saa kwenye lami, 80 kwenye changarawe, na 50 au pungufu ndani ya miji. Taa za mbele huwashwa saa zote, hata jua likiwaka. Pombe usiguse kabisa kama unaendesha.

9. Bima ipi nichukue?

Bima ya msingi huja na gari. Za kuongeza ni mbili: ya changarawe, inayolipia kioo na rangi vinapopigwa na mawe, na ya mchanga na majivu. Hii ya pili wengi huicheka. Upepo mkali ukivuka Mýrdalssandur au Skeiðarársandur hubeba mchanga wa volkeno, na mchanga huo hukwangua rangi ya gari hadi bati lionekane, na vioo vikabaki na ukungu. Kama utapita kusini, na lazima utapita, ichukue.

Mambo mawili karibu kila bima huyakataa: maji yaliyoingia garini ukivuka mto, na mlango uliong'olewa na upepo.

10. Ni kweli upepo unang'oa mlango wa gari?

Kweli, na ulikuwa mlango wetu. Tulisimama chini ya Öræfajökull, si mbali na Skaftafell. Nililiegesha gari mkia ukielekea upepo, jambo ambalo sikulitilia maanani. Shemeji yangu akavuta kishikio kama anayefungua mlango wa jikoni. Upepo ukaupokea mlango mkononi mwake ukaupeleka mbele hadi ukagonga ubavu wa gari. Bawaba zikalia kama ubao unaopasuka. Baada ya hapo haukukubali kufunga. Tuliukaza kwa kamba ya begi, tukaenda hivyo hivyo kilomita 130 hadi Höfn, upepo ukipiga mluzi kwenye upenyo na miguu ya shemeji ikiwa imefungwa shuka. Kampuni ilitutoza mlango mzima. Mkataba uliruhusu, na saini ilikuwa yangu.

Kwa hiyo: egesha pua ya gari ikitazama upepo. Fungueni mlango mmoja mmoja, na anayefungua aushike kwa mikono miwili. Utabiri wa kule hutoa kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa. Ukiona 15, kuwa mwangalifu, hasa kama una gari refu la kulala. Ukiona 20, ambayo ni kilomita 72 kwa saa, gari refu libaki lilipo. Na soma pia kasi ya mikupuo, yaani upepo unaovuma ghafla kwa nguvu, maana mikupuo ndiyo inayopindua magari. Sehemu zinazojulikana kwa ukali ni chini ya Eyjafjöll, eneo la Öræfi, Kjalarnes na chini ya Hafnarfjall.

11. Alama zipi lazima nizijue?

*Einbreið brú* ni daraja la njia moja. Aliye karibu zaidi hupita kwanza, lakini punguza mwendo kabisa na usimwamini mtu. *Blindhæð* ni kilima ambacho huoni ng'ambo yake; baki kulia. *Malbik endar* maana yake lami inaisha, na hapo ndipo magari hupinduka, kwa sababu dereva anaingia kwenye changarawe na mwendo wa lami. *Lokað* ni kumefungwa. *Ófært* ni hakupitiki. Hayo mawili ya mwisho hayajadiliwi.

Kondoo nao hutembea huru majira yote ya kiangazi. Ukimwona mama upande mmoja na mwana upande wa pili, simama: mwana atavuka.

12. Mafuta na malipo?

Pampu nyingi hazina mtu, na hutaka kadi yenye namba ya siri. Kama benki yako ina vikwazo vya matumizi ya nje, vimalize kabla hujaondoka. Sarafu ni krona, ila nimemaliza safari nzima bila kushika noti. Usiache tangi lishuke chini ya nusu upande wa mashariki na kaskazini. Kati ya Egilsstaðir na Mývatn ni nyika tupu.

Karibu na Akureyri kuna handaki la Vaðlaheiði, kilomita 7.4, ambalo hulipiwa kwa mtandao tu. Hakuna kibanda, hakuna kizuizi, hivyo watu hupita bila kujua, na bili huwafuata kupitia kampuni ya gari ikiwa imeongezwa gharama. Maegesho kwenye maporomoko mengi nayo hulipiwa vivyo hivyo, kamera ikisoma namba ya gari.

13. Naweza kulala garini popote?

Hapana. Gari la kulala linatakiwa kulala kwenye kambi rasmi, au mahali ambapo mwenye ardhi amekupa ruhusa. Kambi ziko nyingi, na nyingi hazihitaji nafasi ya mapema.

## Maporomoko

14. Nisikose yapi?

Orodha za watu hutaja ishirini. Mimi nataja matano. Seljalandsfoss kwa sababu unapita nyuma yake. Skógafoss, mita 60 kwenda juu na 25 kwa upana, kwa sababu unaweza kulikaribia mpaka ngurumo iingie kifuani. Panda zile ngazi ndefu uende juu, ufuate mto, kwani huko nyuma kuna maporomoko mengine mengi na watu hawafiki. Svartifoss huko Skaftafell, dogo la mita 20 hivi, lakini limezungukwa na nguzo za basalti zinazoning'inia kama filimbi za kinanda kikubwa. Dettifoss kwa nguvu zake. Goðafoss kwa umbo lake la nusu duara na kwa kisa chake: inasimuliwa kwamba takriban mwaka 1000, Aisilandi ilipopokea Ukristo, kiongozi Þorgeir alitupa sanamu za miungu yake ya zamani humo majini.

Gullfoss silitaji kwenye matano kwa sababu utalipitia tu. Liko karibu na Reykjavík, na njiani chemchemi ya Strokkur hurusha maji ya moto kila baada ya dakika tano hadi kumi.

15. Nikipita nyuma ya Seljalandsfoss nitalowa?

Utalowa. Swali ni kiasi gani. Njia ni ya mawe na tope, maji yanaanguka kutoka mita 60 mbele ya uso wako, na upepo ukigeuka pazia zima linaingia pangoni. Vaa koti na suruali ya mvua, na viatu vinavyoshika. Simu iweke kwenye mfuko wa plastiki. Ukiwa katikati, geuka utazame nje: dunia yote inakuwa ya kijani inayotetemeka, na huwezi kusikia sauti yako mwenyewe.

Majira ya baridi njia hiyo hufungwa kwa sababu ya barafu. Mita mia kadhaa kaskazini kuna Gljúfrabúi, lililojificha ndani ya ufa wa mwamba. Unaingia ukikanyaga mawe ya mtoni. Wengi hurudi garini bila kujua lipo.

16. Dettifoss: upande wa mashariki au wa magharibi?

Barabara 862 ya magharibi ina lami na inafaa kwa gari dogo. Barabara 864 ya mashariki ni ya changarawe yenye matuta, lakini unafika hadi ukingoni kabisa. Kwa safari ya kwanza nenda magharibi. Maji ni ya kijivu kama saruji iliyokorogwa, kwa sababu yamebeba vumbi la mwamba kutoka Vatnajökull, na yanaanguka mita 44 kwa upana wa mita 100. Tembea juu kidogo uone Selfoss. Majira ya baridi njia hizi mara nyingi hazipitiki.

## Volkeno

17. Nitaona lava ikitiririka?

Huenda, lakini usiijenge safari juu ya hilo. Rasi ya Reykjanes ilikuwa kimya kwa takriban miaka 800 hadi Machi 2021, Fagradalsfjall ilipofunguka. Novemba 10, 2023 wakazi wa mji wa wavuvi wa Grindavík waliondolewa usiku mmoja, na kuanzia Desemba mwaka huo milipuko imefuatana karibu na mji wao. Januari 2024 lava iliingia mjini na kuteketeza nyumba. Hao ni watu waliopoteza makazi. Nenda kwa heshima, na usipite kizuizi chochote. Gesi ya salfa haionekani, na hukusanyika mabondeni upepo ukitulia.

Usipoona lava mbichi, kuna iliyopoa juzi. Krafla, karibu na Mývatn, ililipuka mara tisa kati ya 1975 na 1984, na pale Leirhnjúkur mawe meusi bado yanatoa mvuke. Ukiyawekea mkono, ni ya vuguvugu.

18. Volkeno ikilipuka nikiwa njiani?

Inategemea aina. Milipuko ya Reykjanes ni ya nyufa: lava inatoka, majivu ni machache, na ndege huendelea kuruka. Ile ya chini ya barafu ni habari nyingine. Eyjafjallajökull ya Aprili 2010 ilikutanisha moto na barafu, majivu yakapanda, na anga la Ulaya likafungwa kwa siku kadhaa. Maua na mboga za wakulima wa Kenya zilioza viwanjani zikisubiri ndege; hivyo ndivyo mlima wa Aisilandi ulivyofika Naivasha.

Ukiwa barabarani, hatari kubwa zaidi ya volkeno ya barafuni ni mafuriko. Mwaka 1996 mlipuko chini ya Vatnajökull uliyeyusha barafu, na mwezi mmoja baadaye maji yakashuka Skeiðarársandur na kusomba madaraja. Vipande viwili vya chuma vya madaraja hayo vimeachwa kando ya barabara karibu na Skaftafell, vimepindwa kama waya wa kuchezea. Simama hapo. Ukipokea ujumbe wa dharura kwenye simu ukikutaka uondoke, ondoka bila kurudi kuchukua begi. Namba ya dharura ni 112.

19. Kwa nini wanakazania nisikanyage kuvumwani, ule mmea laini unaofunika mawe?

Ukivuka Eldhraun, magharibi ya Kirkjubæjarklaustur, utaona uwanda usio na mwisho wa mawe yaliyovimba na kufunikwa zulia laini, la kijivu kukiwa kukavu na la kijani mvua ikinyesha. Nilipiga magoti pembezoni mwa maegesho nikaingiza kidole cha shahada taratibu: kilizama chote kabla hakijagusa jiwe. Kuvumwani hiyo hukua polepole mno. Nyayo moja hubaki ikionekana miaka mingi.

Na chini ya hilo zulia kuna msiba. Lava hiyo ilitoka kwenye ufa wa Laki, 1783 hadi 1784, kwa miezi minane. Gesi yake ilitia sumu majani, mifugo ikafa, njaa ikafuata, na karibu mtu mmoja kati ya watano nchini akafa. Julai 20, 1783, mchungaji Jón Steingrímsson aliongoza ibada lava ikikaribia kanisa lake. Ikasimama kabla ya kufika. Ninapowaona watu wanarukaruka juu yake wapate picha, moyo unauma.

Kuendesha gari nje ya barabara ni kosa la jinai kwa sababu hiyohiyo, na faini yake ni kubwa. Harufu ya yai bovu kwenye bomba la maji ya moto, kwa wanaouliza, ni salfa ya ardhini. Haina madhara. Maji ya baridi hayana harufu, na yananywewa moja kwa moja bombani.

## Hali zisizo za kawaida

20. Nataka kwenda Landmannalaugar au Askja, huko nyanda za juu. Inawezekana?

Kwa 4x4 na kati ya mwishoni mwa Juni na Septemba mapema, ndiyo. Tarehe za kufunguliwa hubadilika kila mwaka kwa kutegemea theluji. Askja ni mbali na pakavu kama mwezini; wanaanga wa Apollo walipelekwa maeneo hayo kujifunza jiolojia mwaka 1965 na 1967.

Kizuizi ni mito isiyo na madaraja. Mito ya barafu huwa midogo asubuhi na kufura alasiri jua likishayeyusha barafu, kwa hiyo mto uliouvuka saa tatu asubuhi unaweza kukukatalia saa kumi jioni. Subiri uone gari lingine likivuka, angalia maji yanafika wapi kwenye matairi yake. Kama huthubutu kuuvuka kwa miguu, usiuvuke kwa gari. Na kumbuka jibu la 9: bima haimo. Kuna mabasi ya kupanda Landmannalaugar, na kwa dereva ambaye hajawahi kuvuka mto ndiyo njia ninayoipendekeza.

21. Nina siku tano tu. Nizunguke haraka?

Usizunguke. Nenda kusini hadi ziwa la barafu la Jökulsárlón, urudi njia ileile. Utapata Seljalandsfoss, Skógafoss, Eldhraun, Svartifoss na vipande vya barafu vilivyotupwa kwenye mchanga mweusi, na njia ya kurudi haichoshi, kwani mwanga umebadilika na mlima uliofunikwa na mawingu jana leo uko wazi.

22. Ule ufuko mweusi wa Reynisfjara ni hatari kweli?

Ni hatari, na watu wamekufa pale, wengine wakiwa wamesimama mahali walipopaona pakavu. Mawimbi kumi huja madogo, la kumi na moja linapanda mara mbili ya umbali na kurudi na mtu. Kuna taa za tahadhari mlangoni. Ikiwaka nyekundu baki juu. Ikiwaka rangi nyingine yoyote, bado usiipe bahari mgongo. Watoto washikwe mkono, si kuitwa.

23. Nimeamka, barabara imefungwa, na ndege yangu ni kesho. Nifanyeje?

Angalia kwanza umferdin.is, tovuti ya hali ya barabara, kisha vedur.is kwa hali ya hewa, na safetravel.is kwa tahadhari. Zisome kila asubuhi kabla ya chai, hata kukiwa na jua. Kufungwa kwingi huisha ndani ya saa chache upepo ukipungua, kwa hiyo mara nyingi jibu ni kungoja na kuendesha jioni.

Kama imefungwa kutwa, ipigie simu kampuni ya gari na shirika la ndege ungali na saa, si ukiwa umekwama kwenye kizuizi. Usijaribu njia ya changarawe ambayo simu inakuonyesha kama mkato. Barabara kuu ikifungwa, mkato uko hali mbaya zaidi. Ndiyo maana usiku wa mwisho nalala Reykjavík au Keflavík daima, kilomita 50 au pungufu kutoka uwanjani. Mara ya pili, Septemba, usiku huo uliniokoa: barabara ya chini ya Hafnarfjall ilifungwa saa tatu baada ya sisi kupita.